Mtoto wa Kuazima

Treni ilinichukua Voi, ikaniacha Nairobi nikisubiri nyingine siku nzima, na hiyo nyingine ikanishusha Kisumu asubuhi, shingo imekakamaa na miguu imevimba. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne ambacho hakuna aliyekitaka, na mfuko wa vifaa vya kutengeneza karabai, maana nilisikia wavuvi wa omena, dagaa wa ziwani, wanavua kwa taa. Basi likapita Otonglo, likafika Bondo. Kutoka hapo nilikaa juu ya makreti matupu kwenye lori la samaki hadi ufuo mmoja mbele kidogo ya Usenge. Sikuwa na nia ya kukaa. Mimi ni mtu wa kupita, tangu utotoni.

Nilikaa kwa sababu ya mwanamke aliyekuwa akianika omena. Alikuwa mjane, hakujaliwa mtoto. Alinikuta natafuna mkate mkavu kando ya karabai za watu, akasema, "Wewe jamwa, kwenu hakuna mama?" Jamwa ndivyo Wajaluo wanavyomwita mtu wa kuja. Akanipa ugali na omena, akakaa kunitazama nikila kama anayekagua kazi. Mwaka haukuisha kabla sijahamia kwake, ingawa sikuwa nimepeleka mahari kwa kaka zake. Jina la jamwa halikunitoka. Akikasirika ndipo aliponiita Fundi.

Omena hufuata taa. Mwezi ukiwa mpevu taa ya mvuvi haina kazi, basi mashua hupumzika na ufuo mzima hula kwa mkopo mpaka giza lirudi. Mwenye duka alijua hivyo, mwenye kinu cha kusaga alijua hivyo. Kituo cha afya wakati huo hakikudai kitu. Ukiugua, unatembea mpaka pale, unatibiwa.

Kisha serikali ikasema wananchi wachangie gharama. Afisa alikuja kwenye baraza akaeleza kwamba pesa hizo zingebaki hapahapa, dawa zisikatike tena. Tulimpigia makofi, nami nilipiga, kwa sababu dawa zilikuwa zikikatika kweli. Baada ya hapo mtu mzima alilipa dirishani kabla ya kuonwa. Watoto wadogo, wa chini ya miaka mitano, walitibiwa bure. Ila dirisha lile halikujua habari za mwezi.

Wanawake wa ufuo wakapata njia. Mgonjwa aliazima mtoto wa jirani, akambeba hadi kituoni, akaeleza homa yake mwenyewe kana kwamba ni ya mtoto. Alipewa dawa ya maji, akirudi nyumbani anainywa. Ilikuwa kama kuazima sufuria. Hakuna aliyeona haya.

Homa ilimshika mwanamke wangu mwezi ukiwa mpevu. Nikamwambia niende kwa mwenye mashua niliyemtengenezea karabai nikakope.

"Ukaseme nini? Eti kichwa inauma? Hapa kila mtu kichwa inamuuma."

"Lakini unatetemeka."

"Fundi, hii si homa ya kulala. Ni homa ya kutembea."

Akaenda kwa jirani. "Nipe huyo wako mnono."

"Yawa, huyo watakataa!" jirani akacheka. "Chukua huyu mwembamba, lakini nirudishie kabla ya uji."

Nilimsindikiza. Muuguzi alimtazama mtoto, ambaye alikuwa akivuta kofia yake na kucheka.

"Mama, huyu ndiye mgonjwa?"

"Sista, homa yake inakuja jioni."

"Na wewe? Macho yako ni ya njano."

"Mimi niko sawa."

"Pitia dirishani, nikudunge sindano."

"Nitapitia mwezi ikiisha, Sista."

Benchi zima liliangua kicheko, na muuguzi naye akashindwa kujizuia. Akatupatia chupa ya dawa.

Nyumbani aliinywa yeye mwenyewe kwa uaminifu, kijiko asubuhi, kijiko jioni, kama alivyoelekezwa. Kijiko cha mtoto. Homa ilipungua, akarudi kugeuza omena wa akiba juani, akanitania kwamba nilikuwa nimekonda kuliko yeye. Niliamini amepona. Siku chache tu baadaye ikarudi na nguvu nyingine, na asubuhi moja akaniita kwa jina la marehemu mume wake, akaniuliza kwa nini nimechelewa kutoka ziwani.

Nilikimbia kwa mwenye mashua. Alinipa pesa papo hapo, hakuuliza hata swali. Tulimpeleka kwa baiskeli, jirani akimshikilia nyuma. Nililipa dirishani. Walimtundikia maji, wakamdunga. Muuguzi akaniuliza kwa sauti ya chini, "Aliinywa yeye ile dawa?" Nikaitikia kwa kichwa. Akageukia ukuta. Mchana ule mwanamke wangu alifariki, mkono wake ndani ya mkono wangu.

Msiba ulijaa vitu. Unga, sukari, chai, ng'ombe, jeneza zuri lenye vishikio vya kung'aa, petroli ya pikapu ya kumpeleka kwa kaka zake. Na mwezi bado ulikuwa mpevu, mashua zote ziko nchi kavu. Nilimuuliza mwenye mashua mali hiyo yote ilikuwa wapi.

"Jamwa," akasema taratibu, "ugonjwa ni wa mtu na nyumba yake. Kifo ni chetu sote."

Walimzika kwao. Mimi nilisimama nyuma, pamoja na wageni, kwa kuwa mahari sikuwa nimetoa.

Nilijaribu kuendelea. Kisha siku moja redio ya dukani ikatangaza kwamba ile ada imefutwa. Ilirudishwa baadaye kwa jina lingine, nilisikia nikiwa mbali, lakini siku ile hakuna aliyejua. Wanawake waliacha omena juani wakapiga vigelegele. Mmoja alimshika muuguzi aliyekuwa akipita akacheza naye.

Nikarudisha karabai za watu, hata nilizokuwa sijamaliza. Lori la samaki lilikuwa limewashwa. Jirani akanifuata mbio, jasho la kucheza likimtiririka.

"Jamwa! Unatuacha siku ya habari njema?"

Nilitaka kumwambia kwamba habari ni njema kweli, kwamba namfurahia yeye na watoto wake. Badala yake nikapanda lori.