Kiraka na Amri ya Tarehe

Ofisini tulimwita Kiraka, kwa sababu hakupenda kung'oa kitu. Alishona juu yake. Ndiye aliyeandika, sisi tukiwa bado shule ya msingi, maktaba ya msimbo ya kusoma tarehe: vipande vilivyo tayari ambavyo programu za wengine huviita badala ya kuanza upya. Zahanati na maduka mengi ya dawa yaliitegemea.

Ndani yake mlikuwa na amri moja mbovu. Ukiipa tarehe isiyosomeka, hailalamiki. Inakurudishia tarehe ya leo. Kila mgeni alijikwaa hapo. Nilitaka ife. Bado naamini kwamba kuwatunzia watu kosa si kuwaheshimu.

"Kijana, wewe ukiona ufa unabomoa nyumba," alinijibu. "Kuna mtu ameiegemea amri hiyo."

Mtu huyo alikuwa mdogo wake, marehemu. Alimwandikia mkewe programu ya duka la dawa, akaiagiza ichukue kila toleo jipya la maktaba bila kuuliza. Fundi gani hufanya hivyo? Yule anayemwamini dada yake. "Dada hawezi kunivunjia kazi," alikuwa akisema.

Kisha zahanati moja ikagawa dawa mbovu. Tarehe ya kutengenezwa iliandikwa vibaya, ikasomwa kuwa ya leo, na dawa kuukuu zikaonekana mpya. Mgonjwa akalazwa. Kiraka akaifuta amri ile kwa mkono wake.

"Duka la wifi yako tuliache libaki na toleo la zamani," nikasema. "Halitavunjika."

"Nimwachie kosa ninalolijua, kisa nampenda aliyelitumia?"

Kabla ya kutoa toleo jipya tulikwenda dukani. Kiraka alikaa nyuma ya kaunta, akaanza kuandika upya. Alijaribu kuokoa mistari ya mdogo wake, lakini kila mmoja uliegemea mwingine, na yote iliegemea amri ile. Wifi yake alihudumia wateja huku akichungulia.

"Taratibu, wifi. Sina kingine alichoandika."

"Najua."

Kiraka alipomaliza, wifi akauliza, "Umebakisha nini chake?"

Kiraka akaitazama skrini. "Rangi ya vitufe."

"Ile ya kijani?"

"Ile ya kijani mbaya."

Wifi akacheka kidogo. Kisha akaenda mlangoni, akageuza kibao kikasomeka "Tumefunga", ingawa ilikuwa saa nne asubuhi na wateja walikuwa bado wamesimama nje.