Nyasi za Kijani Siku ya Harusi ya Maylene

Ninalotaka kusimulia hamtaliamini, wala sitawalaumu. Hata mimi niliyekuwepo huliamini Jumapili tu, nikitoka kanisani.

Shemeji yangu Harlan Tidwell ametunza nyasi za uwanja wa chuo chetu hapa Alabama miaka thelathini na mmoja. Magoti yamekwisha, mgongo umepinda kama ndoana. Huku kwetu hakuna mwenye akili timamu anayeozesha binti Jumamosi ya msimu wa mpira wa Kimarekani, ule wa kukimbia nao mikononi, nani atakuja? Kwa hiyo mpwa wangu Maylene alichagua Jumamosi ya tarehe ishirini Desemba, saa tisa alasiri. Msimu umekwisha, baba kapumzika. Mchumba wake ni baharia, ana ruhusa ya siku tatu tu.

Kweli, wakubwa wa mpira walikuwa wameupanua mtoano wa kutafuta bingwa, kutoka timu nne hadi kumi na mbili, na mechi nyingine kuchezewa vyuoni. Maylene alicheka: sisi na mtoano wapi na wapi?

Tukaingia! Tena nyumbani, tarehe ishirini, saa sita mchana. Mji mzima ulipiga vifijo. Harlan alikaa jikoni na kipande cha mkate wa mahindi mdomoni, asikitafune.

"Baba, siku hiyo utanifikisha madhabahuni?"

"Nitafika, mwanangu."

"Sijauliza kama utafika. Nimeuliza kama utanifikisha."

Mwezi Desemba nyasi zetu huwa kahawia kama gunia, na bosi wake, Bwana Pruitt, alitaka kijani cha kuonyesha kwenye televisheni.

"Zimelala, Bwana Pruitt."

"Ziamshe."

"Haziamki mpaka Aprili."

"Basi zipake rangi!"

Wiki mbili Harlan alisukuma mashine ya kunyunyizia rangi, mstari baada ya mstari. Mvua ikaosha robo ya uwanja, akaanza upya.

"Shemeji," aliniambia akijishika kiuno, "nilidhani nimeajiriwa kulima. Kumbe napamba maiti."

"Jifanye mgonjwa."

"Kuna haja gani ya kujifanya?"

Siku ikafika. Saa nane na nusu mechi bado haijaisha, wachezaji wamechimbua nyasi kama nguruwe. Harlan alitazama saa, akaegemeza reki ukutani, akamkabidhi Pruitt ufunguo wa stoo.

"Unakwenda wapi? Robo ya mwisho hii!"

"Kuozesha."

"Ukitoka hapo, Jumatatu usirudi!"

"Jumatatu nitakuwa nimelala, Bwana Pruitt. Kama nyasi zako."

Alinikuta ndani ya gari kwenye lango la uwanja, injini inanguruma. Nilipaa! Askari walinipigia saluti. Saa tisa kasoro dakika moja tulikuwa kanisani, Harlan na viatu vya tope, Maylene kamshika mkono, wanatembea polepole kwa sababu ya yale magoti. Ndugu zangu, kanisa lilitetemeka! Watu elfu tatu walisimama wakilia, na mimi mjomba mtu, kiti cha mbele kabisa, leso mkononi, nikainuka nika—

"Weka kalamu chini, shemeji," anasema Harlan, anayesoma juu ya bega langu. "Elfu tatu wapi? Tulikuwa kumi na wanne, mji wote uko mpirani. Na wewe ulibaki garini unasikiliza mechi."