Bima Tuliyokosa Kuinunua

Mume wangu alipoanza kupotea njia baina ya msikiti na nyumba yetu hapa Ibra, Omani, ndipo nilipofikiria bima ya matunzo: ile unayoilipia ungali na nguvu, ili siku ukishindwa kujiosha na kujilisha, kampuni igharimie mtu wa kukuangalia. Sisi Mungu hakutujaalia watoto. Wazee wetu waliorudi kutoka Unguja tuliwatunza wenyewe mpaka tukawazika. Sisi atatutunza nani, hilo tulikuwa hatulisemi.

Binti wa marehemu dada yangu, anayefanya kazi benki Nizwa, alinionya.

"Khalati, usitazame bei tu. Bima hii utakuja kuidai baada ya miaka mingi. Kampuni ikiwa imeshafilisika, utamdai nani? Wapo watu kazi yao kuzipima hizi kampuni, wakazipa daraja. Uliza daraja kwanza."

Mimi na mume wangu tulikwenda Bidbid kwa wakala aliyekuwa akiuza bima za kampuni za nje, mtu mzima, mpole. Alikuwa na kampuni mbili. Ya kwanza daraja lake lilikuwa juu, na halijashuka hata katika miaka mibaya. Nikamwambia tunaitaka hiyo. Basi akaanza kumuuliza mume wangu maswali, la mwisho kwamba asubuhi alikula nini. Mume wangu akamjibu kwa adabu zake zote kuwa alikula mkate wa kumimina, aliopikiwa na mama yake.

Mama yake amekufa zamani. Tulikuwa tumekula khubuzi, mkate wa kununua, na asali, njiani, ndani ya gari.

Wakala akaweka kalamu chini.

"Hii haitamkubali, mama. Kampuni zenye nguvu huchagua watu."

"Na ya pili?"

"Ya pili haiulizi mengi."

"Daraja lake?"

Akanigeuzia kompyuta. Lilikuwa limeshuka, kisha likashuka tena.

"Mimi nisingemnunulia mama yangu," alisema.

Nilikuwa na sukari na presha, kwa hivyo habari yangu mimi sikuiuliza. Nilimshukuru, tukatoka.

Garini mume wangu akaniuliza, "Bwana yule amenikubali?"

"Amekukubali," nikamwambia, naye akafurahi.

Binti wa dada yangu aliendelea kunitafutia, Ramadhani nzima. Kila kampuni aliyoiamini ilitukataa, na kila iliyotukubali yeye hakuiamini. Baada ya Idi akaacha, na mimi sikumuuliza. Hivi sasa huja Alhamisi na watoto wake, anafua, anapika, anaondoka amechoka. Habari ya bima hatuizungumzi tena.

Mume wangu sasa hanijui. Kumwinua kitandani kumenimaliza mgongo, na kila ninapomwinua najua kesho sitaweza vizuri kama leo.

Wiki iliyopita niliteleza chooni, nikashindwa kusimama. Nilimwita kwa jina lake. Alikuja taratibu, akasimama mlangoni, akanitazama pale chini nilipokaa na nguo zilizorowa. Nikamnyooshea mkono.

"Shikamoo," akasema, kama mtoto aliyefunzwa vizuri akimwamkia mzee asiyemjua.

Nikamwitikia marahaba. Akaenda zake ukumbini kukaa, nami nikabaki pale mpaka adhana ya alasiri ikasomwa na kwisha.