Emi Ni Kodi Tu

Kamwene, ndugu zangu. Kosa ni langu, na sitaki mtu anitetee. Nilitaka kuonekana fundi wa muziki, nusura nibaki kapera.

Nina kibanda cha kuchapa na kudurufu Makambako, karibu na stendi. Barua ya kuomba kazi, katiba ya kikundi, picha za pasipoti, vyote nafanya. Watu wananiita Mtaalamu. Jumapili napiga kinanda kanisani. Sasa mtu ukiitwa Mtaalamu asubuhi mpaka jioni, jamani, mwisho wake unaamini!

Mchumba wangu ni Neema, binti wa wakulima wa chai kule Lupembe. Kwao walipanga sendofu yake, sherehe ya kumuaga, ifanyike ukumbini, Njombe mjini, wiki moja kabla ya ndoa. Nikasema hapa ndipo wakwe watanitambua. Nikamtungia wimbo kwa siri, uimbwe na kwaya moja ya hapo Njombe.

Wimbo wenyewe ulikuwa mzuri, haki ya Mungu. Ningeuacha na zile kodi tatu tulizozoea, nisingekuwa hapa nalia nanyi. Kodi, kwa msiopiga kinanda, ni zile sauti kadhaa unazozibonyeza pamoja. Basi mimi nilikuwa nimeingiwa na jazi! Nilishinda kwenye simu natazama mabingwa wa nje, kodi zao zina mkia mrefu, herufi, namba, alama ya reli, mabano.

Huku kwetu kodi ya E yenye sauti ya huzuni tunaandika E na m ndogo, basi, yameisha. Mimi nikaona huo ni ushamba. Nikaandika kama mabingwa: Emi. Na isiwe Emi tupu! Nikaweka Emi9, nikaweka Emi11, na Ami7 kidogo ya kukolezea.

Programu ya kuandikia nota ina mahali pa kodi, juu ya mistari, na mahali pa maneno ya wimbo, chini. Kila nikiandika Emi11 pale juu, inaitupa namba pembeni, mara inafuta yote. Nilihangaika nayo mpaka chai ikapoa. Yupo mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wangu, angenionyesha mara moja. Nimwulize? Mimi, Mtaalamu? Thubutu! Nikazishusha kodi zote chini, kwenye mstari wa maneno, pale ambapo waimbaji wanavuta sauti. Zikakaa vizuri, zikapendeza. Nikautuma wimbo kwa mwalimu wa kwaya.

Naye, maskini, alinipigia. Akasema kuna maneno mageni ameyaona kwenye kiitikio, wayaimbe? Nikamjibu kwa dharau kabisa kwamba waimbe kila kilichoandikwa, wasipunguze hata nukta. Sikumwuliza maneno gani.

Siku ya sendofu Njombe ilikuwa na ukungu na baridi ya kugonganisha meno, lakini ukumbi umejaa. Mimi na wenzangu kutoka Makambako tumekaa upande wa wageni, suti imenikaa. Kwaya ikaanza. Ubeti wa kwanza Neema anatabasamu, mama yake anajifuta machozi. Nikavimba. Kikaja kiitikio:

"Neema, ua la moyo wangu, Emi, Emi, Emi, Emi..."

Mara tisa! Ile tisa yangu mwalimu alidhani ni idadi ya kurudia. Halafu Ami mara saba. Halafu wakarudi kwa Emi, mara kumi na moja, besi wanaitikia kwa raha zao na miguu wanapiga. Kumbe walidhani Emi ni jina la kudeka la bibi harusi. Ndugu zangu, nilitamani sakafu ifunguke.

Mshereheshaji akaniletea kipaza sauti, akasema upande wa shangazi wanaomba kumfahamu Emi. Hapo ndipo pa kusema ukweli. Kosa la kompyuta, watu wacheke, tule pilau. Lakini wateja wangu walikuwa wamekaa pale! Nikafungua mdomo, nikasema Emi ni jina ninalomwita Neema tukiwa wawili.

Vigelegele vikaanza. Neema akasimama taratibu.

"Mimi hajaniita hivyo hata siku moja," alisema.

Vigelegele vikakatika. Nikaitwa chumba cha nyuma, cha kreti za soda. Humo kulikuwa na shangazi mtu, mama mkwe na Neema. Shangazi akanikalisha juu ya kreti, akaniuliza kwa upole Emi ni nani.

"Emi ni kodi tu, shangazi."

"Kodi ya nyumba?"

"Hapana, kodi ya..."

"Kwa hiyo umempangishia." Akamgeukia mama mkwe. "Nilikwambia Makambako ni njia panda, wifi. Umesikia, kodi analipa yeye. Na Ami je, wanakaa pamoja?"

Nikaapa, nikalia, nikaomba waniletee kinanda. Kikaletwa. Nikabonyeza E ya huzuni, nikasema shangazi, Emi ndiye huyu hapa. Akainamisha kichwa kusikiliza.

"Mbona analia?"

"Ndivyo alivyo, shangazi."

Mama mkwe akashindwa kujizuia, akacheka mpaka akashika ukuta. Shangazi naye akacheka. Nikashusha pumzi, nikajua nimepona.

Neema hakucheka.

Aliniuliza kama nilipokuwa nimeshika kipaza sauti nilishajua kosa ni langu. Nikakubali. Akaniuliza kwa nini basi niliona heri yeye aonekane mbele ya ukoo wake hajui anavyoitwa na mume wake. Mimi nikaanza kueleza programu ile ilivyo na matatizo, kwamba ikipata toleo jipya...

"Sema hujui kuitumia."

Mnaona ni jambo dogo? Mimi katika kibanda changu neno hilo sijawahi kulitamka. Mteja akileta kitu kigeni namwambia njoo kesho. Na wallahi, hata pale kwenye kreti nilimwambia Neema tutaongea kesho! Akavua pete ya uchumba, akamkabidhi shangazi yake. Hakupaza sauti wala nini.

"Sijui," nikasema. "Kuandika kodi kwenye kompyuta sijui, Neema. Nisamehe."

"Si hapa. Kasemee kulekule uliposemea uongo."

Nilikwenda. Nikashika kipaza sauti, nikasema mbele ya wakwe, kwaya na wateja wangu: Emi hayupo, mimi ni mwongo, na kompyuta siijui kama mnavyodhani. Ukumbi ulicheka vibaya sana. Nilipogeuka, Neema alikuwa mlangoni ananyoosha kidole kwa shangazi yake avishwe tena pete.

Ndoa tulifunga. Lakini wateja wengine wamehama, na waliobaki wakileta kazi wananiuliza kwanza: hii unaijua au tuje kesho?

Kwa hiyo wewe unayesoma, uliyekaa mbele ya kitu usichokijua huku watu wanakuita bingwa, nakusihi. Sema hujui leo, kwa mtu mmoja, mlango umefungwa. Ukichelewa utasema kwa kipaza sauti, na wakwe wamekaa mstari wa mbele.