Muuguzi Aliyeogopa Upepo

Katika wodi yetu hapa Belgrade, muuguzi wa bandeji anaogopa upepo kuliko damu. Akiingia, hata salamu hajatoa, anafunga dirisha, anabamiza mlango, kisha anatutazama kama wezi. "Nani kafungua? Upepo unaopita kati ya dirisha na mlango umeua watu wengi kuliko vita!" Ndipo anapopasha vidole vyake vifupi kwenye kikombe cha kahawa. Hamgusi mtu kwa mkono wa baridi.

Wiki iliyopita daktari aliniondoa matiti, ambayo mimi mwanamume sikuyataka tangu yalipoota, kupitia mkato mdogo ukingoni mwa chuchu, mdogo kama ukucha, na tangu hapo kifua changu kimefungwa, sijakiona. Leo kilikuwa kinafunguliwa! Ognjen wa kitanda cha pili, ambaye zamu yake ya kufunguliwa ni kesho, alipanda juu ya kitanda chake ili aone vizuri. "Shuka, nyani wewe!" muuguzi akamfokea, mkasi ukitembea. Bandeji ya mwisho ikaanguka. Akainamisha kichwa huku na huku, kama fundi anayekagua ukuta alioupiga lipu. "Mama, niambie basi!" nikamsihi.

Alikwenda akafungua dirisha, lote, akarudi akafungua na mlango. Upepo wa mto Sava ukaingia, ukanipita kifuani moja kwa moja, usikwame popote.

"Haya, baba," akasema, akijifunga sweta hadi shingoni. "Simama hapo. Dakika moja tu!"