Rekodi Thelathini na Moja za Mama

Kazini walimpachika jina la Nakala. Kila Ijumaa alasiri alipita meza hadi meza kwenye ofisi ya kumbukumbu za hospitali, mkono kiunoni, akiuliza, "Umenakili? Umeweka wapi? Na ya pili iko wapi?" Aliyejiumauma alikiona cha moto. Karani mmoja alipopoteza barua za mwezi mzima akaanza kulia, Nakala alimwambia machozi hayafungui faili. Ulimi wake ulikuwa wembe, na mwenyewe aliuonea fahari.

Sasa Jumamosi moja asubuhi bwana huyohuyo alikuwa amepiga magoti sebuleni kwake, mbele ya kisanduku cheusi cha kuhifadhia mafaili ya nyumbani. Taa nyekundu inawaka, na folda ya mama yake haifunguki.

Mlikuwa na rekodi thelathini na moja humo. Kabla hajafariki, mama huyo alikaa kwenye kiti cha dirishani siku thelathini na moja akizungumza: alivyokua, alivyoolewa, nani ni nani katika ukoo. Nakala ndiye aliyemrekodi. Sauti ile haikuwa mahali pengine popote.

"Nani anachomoa waya huu?" aliuliza.

Mdogo wake wa kike, muuguzi aliyehamia kwake mwezi uliopita, alikuwa amesimama na pasi mkononi.

"Mimi. Napiga pasi sare yangu kila asubuhi, na soketi ni hiyo moja tu."

Mori ukampanda Nakala. Alimwambia kisanduku kile huandika muda wote, na kukikatia umeme ni kumpokonya karani kalamu katikati ya neno. Mwezi mzima, kila asubuhi! Alimwambia hana akili ya kuuliza. Alimwambia amemuua mama mara ya pili. Neno hilo lilimtoka, na hakulirudisha.

Dada mtu akaiweka pasi chini taratibu.

"Si ulisema mna diski mbili humo?"

Swali lilimchoma, maana jibu alilijua. Diski zile mbili ziliigana papo hapo katika kila kitu, hata makosa. Ya kwanza ilipovurugika, ya pili nayo ikavurugika vilevile. Karani yeyote angethubutu kuita hiyo nakala, Nakala angemuumbua mbele za watu. Na yeye ameitegemea miaka minne. Mganga hajigangi, wanasema, lakini huyu hata homa yake hakujipima.

"Na mimi nilikuomba, Kaka," dada aliendelea. "Tulipomzika tu, nilikuomba unigawie. Ukasema vitu vya Mama havitawanywi, nije nisikilize kwako."

Nakala alizichomoa diski akaziunganisha na kompyuta yake. Diski iliyougua haitibiwi moja kwa moja: alizinakili kwanza jinsi zilivyo, na ubovu wake wote, kisha akairekebisha ile nakala. Kazi hiyo ilimla hadi saa tisa alasiri, bila kula, akifyonya peke yake. Programu ya kuokoa faili ilipomaliza ikatema rundo la faili zisizo na majina, namba tupu. Akaanza kuzifungua moja moja, dada yake ameketi pembeni. Mkwaruzo. Kimya. Mkwaruzo tena. Thelathini zilikuwa hivyo.

Moja ikafunguka. Ilikuwa imebaki sekunde ishirini tu.

"Na hii umpelekee mdogo wako," Mama alisema, na kile kikohozi chake. "Yeye yuko mbali, hanisikii."

"Nitampelekea, Mama," sauti ya Nakala mwenyewe ilijibu kwenye rekodi.

"Jana pia ulisema hivyo."

"Mama, nitampelekea. Wewe endelea tu."

Ikakatika.

Hasira ilikuwa bado imemjaa Nakala kifuani, lakini sasa hakuwa na mtu wa kumtupia ila yeye mwenyewe. "Nisamehe kwa nilivyokwambia asubuhi," alisema.

"Irudie," dada alisema.

Akairudia. Dada akasikiliza mpaka mwisho, hakulia. Akamsukumia simu yake mezani. "Niwekee hapa. Sasa hivi, nikiona."

Akamwekea. Alikosea mara mbili. Dada akaipokea simu, akavaa sare yake vilevile imejikunja, akachukua mkoba. Zamu ya jioni ilikuwa inamsubiri. Mlangoni aligeuka.

"Na zile thelathini, Kaka, umeziweka wapi?"

Akafunga mlango akaenda kazini.