Hadisi ya Mapendo Yenye Mukwe Yangu Aliisoma

Ninyi batoto ba leo, munaosoma mu telefoni mukitembea mupaka munaanguka mu mufereji, mukae kwanza. Mi sikusoma sana. Nilifika mwaka ya tatu ya primere, kiisha baba akasema mutoto mwanamuke akijua kuandika jina yake, inatosha. Leo niko na kaye tatu, daftari nzima za hadisi ya mapendo, zote za mukono yangu, na mutu asiniambie kama muzee haandike mambo ile. Nani aandike? Ninyi? Ninyi munatumiana kichwa ya kucheka, kiisha munangojea ndoa.

Ilianza hivi. Nilikuwa nachekecha bunga, mujukulu yangu mwanamuke anasikiliza hadisi mu telefoni. Mule, mwanaume alipiga magoti mu mvua, maua mu mukono, anasema bila weye siwezi kupumua. Mujukulu analia machozi.

"Ule mwanaume anafanya kazi gani?" nikamuuliza.

"Kambo," ndivyo ananiita mi nyanya yake, "habakusema."

"Na ile suruali ataifua nani?"

"Kambo, ni mapendo!"

"Apige magoti hapa Kolwezi, mu mvua, utaona. Atainuka mwekundu kama tofali."

"Basi andika yako," akanichekelea.

Nikaandika. Niseme kweli, ni kiburi njo ilinianzisha. Lakini mutu akikamata biki ya kuandika, bitu binakuja byenye hakuviita. Marehemu bwana yangu, siku zote tulikaa Musonoi, hakuniambia hata mara moja kama ananipenda. Mabomba zikikauka, alikuwa anachota maji mbali, anasukuma bidoni mbili ku kinga, baiskeli yake. Akifika karibu na nyumba, anasimama, mi natoka kubeba ku kichwa, ju benzake ba kazi basimuone mwanaume anachota maji. Nilimukasirikia miaka mingi. Mupaka ile siku ya kuandika njo nikaona: mi nilibeba hatua kumi, yeye alileta njia nzima.

Nikaifanya hadisi. Nikaongeza ukurasa moja kwenye bwana anamwagia bibi yake maji ku mugongo, pole pole. Ile sikuongeza. Ile ilikuwa kweli.

Mujukulu akapiga kurasa picha, anazituma kwa bamama ba kuimba korali. Bamama ba kukaa mbele kabisa mu kanisa banajibu: "Mama, endelea, usituache ku mlango!" Kiisha siku moja kidole ya mujukulu ikateleza, ukurasa ya mugongo ikaenda mu kikundi ya telefoni ya jamaa yote. Na mule muko mukwe yangu, bwana ya mutoto yangu mwanamuke.

Kwetu, mama na mukwe habaonane mu macho. Habakule pamoja. Akija kwangu anakohoa ku lupango, mu uwanja ya inje, mi naingia mu nyumba. Sasa huyu mutu wa heshima amesoma mugongo.

Jamaa ikakaa kuamua. Shemeji yangu, mudogo ya marehemu, akachukua kiti ya muzuri. Bakabishana asubui yote: kuku ya kuondoa haya, itolewe na mwenye alionyesha ao mwenye aliona? Hakuna mutu alisema tufute ile picha. Kila mutu alikuwa ameisoma mara mbili, ati kwa kupima kosa.

Shemeji akakata: "Mama atatoa kuku. Na ile makaye ichomwe, hapa, mbele yetu."

"Kuku nitatoa," nikasema. "Ku makaye munichome mi kwanza."

Habakucheka. Shemeji akatuma balete moto. Mi nikakalia makaye yangu, muzima muzima, kama kuku ku mayai.

Njo tukasikia kukohoa inje. Mukwe amefika na pikipiki kutoka Mutoshi. Akasimama nyuma ya ukuta, na kwa heshima akapitisha maneno kwa bibi yake.

"Muambie mama, kuku ni juu yangu. Mi njo nilisoma, na nilisoma mupaka chini."

"Muambie mukwe," nikasema, "angeachia juu."

"Muambie mama, kurasa zingine ziko wapi?"

Mutoto yangu akachoka. "Munasikiana! Mi niko redio?"

"Muambie mama," mukwe akaendelea, "ule bibi, alikuja kumuambia bwana yake aksanti, ao hapana?"

Shemeji akajikuna shingo. "Hata mi nilijiuliza ile," akasema.

Sikuwa nimeandika ile jibu. Nikasema: "Muambie mukwe hapana. Bwana alikufa mbele hajamuambia. Njo maana bibi anaandika."

Inje tukasikia mutu anapenga kamasi.

"Muambie mama ni vumbi."

Moto ikafika mu babula, jiko ya makala, na hakuna mutu alijua aiweke wapi. Mi nikainuka, nikaagiza nyumba yangu: "Ile moto ipikie kuku. Shemeji akule shingo na atoke mu kiti yangu. Makaye zirudi mu sanduku, na mutu asizishike bila kunawa. Siku ya posho, jumamosi, mujukulu atasoma kwa sauti karibu na dirisha, mukwe akae inje ku kivuli, mi nitakuwa mu jikoni. Na kwenye anasoma vibaya, mumuambie arudilie."